Filamu ya makala kuhusu msanii wa sanaa ya kisasa: fuata kazi moja mpaka inunuliwe

Filamu nyingi za makala kuhusu wachoraji wetu zinafanana. Msanii amekaa mbele ya picha zake, anaeleza kwamba alianza kuchora akiwa darasa la tatu na mwalimu akamchapa kwa kuchafua daftari la hesabu. Kisha brashi inachovya rangi kwa mwendo wa polepole huku kinanda kikilia. Baada ya dakika 20 mtazamaji anajua kwamba msanii ana bidii. Hajui picha inatengenezwaje, nani anainunua, wala kwa nini mchoro huu ni wa huyu na si wa jirani yake wa banda la pili.

Njia ninayoiamini ni kuchagua kazi moja na kuifuata tangu ubao ukiwa mtupu mpaka inapotoka mlangoni na mnunuzi. Maisha ya msanii, utoto wake, madeni yake, ugomvi wake na dalali, vyote vitaingia kupitia kazi hiyo. Mwongozo huu umejengwa juu ya wazo hilo. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam: wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, karakana za Nafasi Art Space kule Mikocheni, na wachongaji wa Mwenge. Ukiwa Nairobi, Kampala au Lubumbashi, badilisha majina tu.

Anza na swali, usianze na mtu

"Nataka kufanya filamu kuhusu fulani" bado si filamu. Unahitaji jambo ambalo wewe mwenyewe hulijui, na ambalo kamera inaweza kukusaidia kulijua.

Chukua Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta ya kopo juu ya vipande vya hadibodi, na kazi zake zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu. Alichora kwa miaka minne tu. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 ushirika wao ukasajiliwa. Leo ukipita pale utamkuta chui mwenye madoa yale yale kwenye meza za wachoraji wanne tofauti, kila mmoja ametia sahihi yake. Sasa swali limejitokeza lenyewe: chui huyu ni wa nani? Lina sheria ndani yake, lina ndugu, lina biashara, na lina jibu tofauti kwa kila utakayemuuliza. Na linaonekana kwa macho, jambo ambalo kwenye filamu ndilo muhimu: weka picha nne sambamba na mtazamaji ameshaelewa kabla hujasema neno.

Swali kama "sanaa ina umuhimu gani katika jamii?" liache kwa wenye semina.

Likishapatikana, liandike kwa sentensi moja, ubandike juu ya meza yako. Kila utakapokuwa huna hakika kama upige tukio fulani au uache, soma ile karatasi.

Nenda mara kadhaa bila kamera

Karakana ya msanii ni mahali pa kazi na mara nyingi ni pa watu wengi. Kuna anayepaka rangi ya chini, kuna kijana anayewamba vitambaa kwenye fremu za mbao, kuna anayekuja kuuza maandazi, kuna mzee anayekaa tu na kutoa maoni. Ukiingia na kamera siku ya kwanza, wote hao watakaa pembeni kwa heshima na utabaki na mtu mmoja anayejitahidi kuonekana msanii.

Kwa hiyo nenda mikono mitupu. Wasalimu wakubwa kwanza, shikamoo yako usiimeze, na ujieleze kwa mwenyekiti wa ushirika au msimamizi wa eneo kabla ya kujieleza kwa kijana uliyempenda kwenye Instagram. Kaa. Angalia jua linaingia saa ngapi na linatoka upande gani. Sikiliza jenereta ya jirani huwashwa lini, adhana husikika kutoka msikiti gani, wanafunzi wa shule ya karibu hutoka saa ngapi. Angalia msanii anatumia mkono gani, maana hilo ndilo litakuamulia kamera isimame wapi: mtu wa mkono wa kulia ukimpiga kutokea kulia kwake, utapata kiwiko kutwa nzima.

Jambo la kudodosa zaidi ya yote katika ziara hizi ni mpangilio wa kazi yenyewe. Kwenye mtindo wa Tingatinga rangi ya chini hupakwa kwanza, ubao mzima, halafu huachwa ikauke, mara nyingi hadi kesho yake. Ndipo wanyama na ndege huingia, na vidoa vidogo huja mwishoni kabisa. Usipojua hivyo utafika asubuhi na wafanyakazi watano wa kulipwa, ukute mchoraji ameanika mbao juani na yeye anacheza bao.

Ruhusa, hakimiliki, na suala la pesa

Tanzania Bara kibali cha kupiga filamu kinatoka Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Zanzibar utakwenda BASFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Omba mapema, ukiambatanisha muhtasari wa filamu, orodha ya wafanyakazi na mahali mtakapopiga. Ada na fomu hubadilika, basi piga simu au uende ofisini kabla ya kupanga bajeti. Ukitaka kurusha droni, hiyo ni habari nyingine ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa filamu ya mchoraji sioni droni ya nini.

Hakimiliki ndiyo inayowaponza wengi. Anayenunua mchoro ananunua kitu chenyewe. Haki ya kuuzalisha, na kuupiga picha kwa ajili ya filamu ya biashara ni sehemu ya hiyo, inabaki kwa msanii mpaka aiachie kwa maandishi. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 haki hiyo inaendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, mikononi mwa warithi. Kwa hiyo ukipiga picha sebuleni kwa tajiri mwenye mkusanyiko mzuri, idhini yake inakufungulia mlango wa nyumba tu. Idhini ya kazi zilizo ukutani unaitafuta kwa waliozichora. Kwenye karakana ya pamoja angalia pia kilicho nyuma ya msanii wako: mchoro wa mwenzake ukikaa kwenye fremu dakika nzima, mwenzake naye asaini.

Mkataba uandike kwa Kiswahili cha kawaida, kurasa mbili zinatosha. Useme filamu inahusu nini, kazi zipi zitaonekana, kama picha za mnato zitatumika kwenye bango na matangazo, itaoneshwa wapi na kwa muda gani, msanii anapata nini sasa na atapata nini filamu ikiuzwa. Usomeni kwa sauti pamoja, kisha umrekodi akisema kwamba ameelewa. Nakala moja abaki nayo.

Je, msanii alipwe? Wapo watengeneza filamu, hasa waliosomea uandishi wa habari, wanaoona kumlipa mhusika ni kununua maneno yake. Mimi nasema alipwe kwa muda wake. Mchoraji anayeuza kwa watalii anaishi kwa mauzo ya siku. Ukimkalisha chini ya taa siku nzima, umemla siku. Mpigapicha wako analipwa, dereva analipwa, iweje mtu ambaye filamu nzima imesimama juu yake apewe soda? Kiasi kiandikwe kwenye mkataba, kisitegemee anachosema, na kama kuna mtu atahoji, kitaje wazi.

Vifaa

Hapa sitakaa sana. Kamera yoyote inayorekodi 4K na inayokuruhusu kuweka mwanga kwa mkono inatosha. Hata simu nzuri inatosha kwa filamu fupi. Fedha zikiwa kidogo, zitumie kwa mpangilio huu: maiki, stendi imara ya kamera, taa mbili za LED zenye alama ya CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonesha rangi kwa usahihi) ya 95 au zaidi, kichujio cha polaraiza cha kupunguza mng'ao, na ndipo lenzi. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo rekodi fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, ya sekunde 1/50, la sivyo taa za dukani na za karakana zitapepesa kwenye picha.

Hesabu na diski pia. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inakula takriban gigabaiti 45 kwa saa. Saa 40 za kurekodi ni terabaiti 1.8, na unazihitaji mara mbili, kwenye diski mbili zinazolala nyumba mbili tofauti. Usifute kadi mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na kutazamwa.

Kuupiga mchoro wenyewe

Hapa ndipo filamu ya sanaa inapotofautiana na makala nyingine yoyote. Rangi ikikosewa kwenye filamu ya mkulima wa mpunga, hakuna atakayejua. Ikikosewa kwenye filamu ya mchoraji, umeibadilisha kazi yake na kuionesha duniani ikiwa si yake.

Adui wa kwanza ni mng'ao. Rangi ya mafuta ya kopo hung'aa kama mlango uliopakwa jana, na ubao wa Tingatinga ukiuweka mbele ya kamera utaona dirisha, mti wa nje, na wewe mwenyewe na fulana yako nyekundu. Ondoa mng'ao hivi. Simamisha mchoro wima kabisa, kamera ikiwa sambamba nao, lenzi ikitazama katikati yake. Weka taa mbili, moja kila upande, zote zikiupiga mchoro kwa nyuzi 45 na kutoka umbali ulio sawa. Zima taa nyingine zote, funga pazia. Nyuma ya kamera tundika kitambaa cheusi, kanga nyeusi kubwa au shuka, ili ubao uakisi weusi. Vaa nguo nyeusi. Kisha funga polaraiza kwenye lenzi, uizungushe taratibu huku ukitazama sehemu nyeusi za mchoro: zitakapokuwa nyeusi kweli, simama hapo. Polaraiza inakula nusu ya mwanga au zaidi, basi ongeza mwanga wa taa, usiongeze ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga.

Hata hivyo usiuue mng'ao wote kila mara. Rangi ile kung'aa ni sehemu ya urembo wake, na mchongo wa mpingo usio na mwako wowote unaonekana kama mkaa. Piga mara mbili: mara moja safi bila mng'ao, na mara ya pili ukiacha taa moja tu kutoka pembeni, karibu iulambe uso wa ubao, ili mtazamaji aone unene wa rangi, njia ya nywele za brashi, na vumbi lililonaswa kabla haijakauka. Picha hii ya pili ndiyo inayomfanya mtu aliyekaa sebuleni atake kunyoosha mkono aguse.

Adui wa pili ni mchanganyiko wa mianga. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini (K): jua la mchana ni takriban 5600 K, balbu ya zamani ni takriban 2800 K, na tyubulaiti za bei rahisi zina ukijani wake. Vikikutana vyote kwenye mchoro mmoja, buluu upande wa dirisha haitafanana na buluu upande wa taa, na hakuna mhariri atakayekuokoa. Chagua mwanga mmoja. Kama karakana ina dirisha kubwa la kaskazini au kusini, zima taa na utumie dirisha. Kabla ya kila mchoro, weka kadi ya kijivu na kadi ya rangi mbele yake, rekodi sekunde tano, na uiambie kamera hapa nyeupe ni ipi. Usiiache kamera ijiamulie yenyewe. Ikikutana na mchoro uliojaa wekundu itadhani kuna kosa na kuupoza.

Lenzi pana inapinda kingo za mchoro. Rudi nyuma na utumie milimita 50 hadi 85.

Halafu kuna suala la kutembeza kamera. Anza na mchoro mzima, kamera imetulia, sekunde 15 bila kugusa kitu. Utaona ni muda mrefu, lakini mtazamaji anahitaji kuuona wote kwanza. Ndipo uingie kwenye vipande, na kila kipande kiwe na sababu: jicho la ndege kwa kuwa msanii alilizungumzia, kona iliyoachwa tupu, sahihi. Ukisogeza kamera, tulia sekunde tatu kabla na tatu baada, maana mhariri atazihitaji. Na mara moja angalau mweke mtu ndani ya fremu, anapita au ameushika mchoro. Bila mtu, ubao wa sentimita 30 na turubai la mita tatu vinalingana kwenye skrini.

Kumpiga msanii akifanya kazi

Kwa kazi uliyoamua kuifuata, unahitaji sehemu tatu za kusimamisha kamera: juu ya bega, kando ya uso, na karibu na mkono. Zibadilishe kwa mzunguko, na usimwombe arudie kitu. Ukikosa kupigwa kwa doa la kwanza, kuna madoa mengine mia yanakuja.

Kamera ya pili, hata simu, ifungwe mahali pamoja ipige picha moja kila baada ya sekunde 10. Mchoro wa saa sita utakupa picha 2,160, na kwa fremu 25 kwa sekunde hiyo ni sekunde 86 za filamu ambamo ubao unajaa wenyewe. Kata uitumie nusu. Angalia tu kwamba jua halihami kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, la sivyo picha itapepesa mchana kutwa.

Uwepo wako unambadilisha msanii, na hilo si la kupuuza. Mwaka 1950 mpigapicha Hans Namuth alimrekodi mchoraji Jackson Pollock huko Long Island, Marekani, akichora juu ya kioo huku kamera ikiwa chini yake ikitazama juu. Ni wazo la kiufundi lililowavutia wengi, na ukiwa na kioo kinene unaweza kulijaribu. Lakini Pollock alichoka kuchora kwa maelekezo ya kamera kwa wiki kadhaa, na jioni ile upigaji ulipokwisha alirudia pombe aliyokuwa ameiacha kwa takriban miaka miwili. Msanii akikwambia "leo sichori mbele ya kamera," funga begi. Akiharibu ubao, uliza kama unaruhusiwa kuonesha ulioharibika. Wengi hukubali, na hapo ndipo filamu inapoanza kupumua.

Sauti

Filamu yenye picha ya wastani na sauti nzuri inatazamika. Kinyume chake hakitazamiki.

Karakana za Nafasi zimejengwa kwa makontena ya meli. Ni wazo zuri kwa msanii na mtihani kwa mtu wa sauti: kuta za chuma hurudisha kila neno, feni haizimiki kwa sababu ya joto, na mvua ikianza huwezi kusikia hata unachofikiri. Kwa mahojiano ndani ya kontena tundika mablanketi mawili mazito nje ya fremu, moja nyuma ya kamera na moja ubavuni mwa msemaji, mtandikie mkeka chini ya miguu, na maiki ndogo ya kifuani ikae shubiri moja kutoka kinywani. Feni izimwe kwa vipande vya dakika kumi kumi, kisha watu wapumue. Ikinyesha, acha mahojiano, ila usizime kinasa sauti. Ile mvua ya kwenye bati utaitafuta baadaye na hutaipata dukani.

Rekodi sauti za kazi peke yake, maiki ikiwa karibu: msasa, kopo la rangi likifunguliwa kwa bisibisi, brashi ikisuuzwa kwenye mafuta ya taa. Kwa wachongaji wa Mwenge kuna utajiri mkubwa zaidi, kwani mpingo ni mti mgumu mno, tezo ikiugonga inalia karibu kama chuma, halafu tupa, halafu patasi. Na kila mahali unapopiga, rekodi dakika moja ya ukimya wa mahali hapo, watu wote wakiwa wametulia. Mhariri wako atakubusu mikono.

Mahojiano

Usimuulize msanii "msukumo unaupata wapi?" Ameulizwa hilo na kila mwandishi aliyewahi kupita, na jibu analo tayari limekaririwa. Muulize kuhusu vitu vilivyo mbele yenu wote wawili. Nyekundu hii umenunua duka gani, na ikikosekana unafanyaje? Kwa nini huyu twiga shingo umeikata na fremu? Nani alikufundisha doa hili, na yeye alifundishwa na nani? Ulijuaje kwamba hapa imetosha? Bei uliiwekaje? Swali la mwisho hili usiliogope, ila liache mpaka mmezoeana.

Mahojiano bora kwa kawaida hutokea mikono ikiwa kazini. Mtu anayechora hakutazami, na asiyekutazama husema ukweli zaidi. Fanya basi mahojiano ya aina mbili: moja akiwa ameketi, kwa ajili ya mambo ya tarehe na majina, na nyingine nyingi fupi akiwa anachora. Mwombe aweke swali ndani ya jibu, kwani sauti yako utaikata: ukimuuliza alihamia Dar lini, asiseme "sabini na nane" tu. Akimaliza kujibu, nyamaza. Hesabu hadi tano moyoni. Mara nyingi jibu lenyewe linakuja hapo.

Lugha iwe ile anayoiwazia. Wachoraji wengi wakongwe wa Tingatinga asili yao ni kusini, na mzee anayesimulia habari za Tunduru anaweza kuteleza akaingia Kimakua katikati ya sentensi. Mwache ateleze, tafsiri utaitafuta baadaye kwa mtu wa kwao. Kinachoharibu ni kumwomba msanii aongee Kiingereza kwa sababu unafikiria tamasha la Ulaya. Utapata mtu mwenye akili nyingi akizungumza kama mtoto.

Wahoji na wasiompenda sana: mchoraji aliyeuacha mtindo huo, mwenye galari ya sanaa aliyekataa kazi zake, mke au mume aliyebeba familia miaka ambayo picha haziuziki. Filamu ya sifa tupu ni tangazo.

Ifuate mpaka sokoni

Ubao umekauka, sahihi imetiwa. Wengi hufunga vifaa hapa, na ni hasara, kwa kuwa nusu ya maisha ya kazi ya sanaa bado. Nani anaichukua? Inapanda bodaboda, inaingia duka la Slipway, au, kama ni ya kitambaa, inavuliwa kwenye fremu na kuviringishwa ndani ya bomba la plastiki kwenda ng'ambo? Omba ruhusa ya dalali na ya mwenye duka. Uliza bei kwa mchoraji, kwa dalali na dukani, na uzioneshe zote tatu bila maoni. Mtalii anayenunua naye aombwe idhini. Ukikataliwa, piga mikono, noti na kifurushi, inatosha.

Kuhariri

Andika mahojiano yote neno kwa neno, na saa pembeni ya kila aya. Inachosha, hakuna njia ya mkato ninayoiamini kwa Kiswahili cha karakana chenye Kimakua ndani yake.

Baadaye fanya kinyume cha wanavyofanya wengi: usianze na maneno. Panga kwanza picha za ile kazi moja, kutoka ubao mtupu hadi kifurushi, bila mahojiano hata kidogo. Zikisimama zenyewe kwa dakika 12 au 15 na mtu asiyejua sanaa akazitazama bila kushika simu, una uti wa mgongo. Sauti za watu zitundike juu yake, kila moja pale ambapo kazi inaihitaji: habari za Tingatinga kuuawa mwaka 1972, kwa mfano, ziwekwe wakati rangi ya chini inakauka na hakuna cha kufanya ila kungoja. Panapobaki pengo ndipo picha za kale na magazeti yaingie. Sauti ya msimulizi iwe ya mwisho kabisa, kama bado unaihitaji.

Televisheni nyingi za nje hutaka dakika 52 au 26. Matamasha hupokea urefu wowote, ila dakika 40 ni urefu wa bahati mbaya: ni ndefu mno kwa vitengo vingi vya filamu fupi, na bado si ndefu.

Kurekebisha rangi fanya na mchoro halisi ukiwa chumbani, chini ya mwanga mzuri, na msanii akiwa amekaa kando yako. Yeye ndiye atakayesema "hapana, hii buluu si yangu." Muziki tumia kidogo na uwe na idhini yake kwa maandishi. Wimbo uliosikika redioni karakanani nao una mwenyewe. Manukuu yasizidi mistari miwili, herufi kama 40 kila mstari, na yafasiriwe na mtu anayejua jina la kila kifaa.

Kuipeleka kwa watu

Onesho la kwanza lifanyike karakanani, kwa projekta na shuka, kabla filamu haijafungwa kabisa. Watu watacheka mahali usipotegemea, na wataona makosa ya majina na tarehe ambayo hakuna mtaalamu angeyaona. Yarekebishe.

Kwa matamasha, ZIFF ya Zanzibar ipo tangu 1998 na ndiyo nyumba ya karibu. Encounters ya Afrika Kusini ni ya filamu za makala tu, IDFA ya Amsterdam hufanyika kila Novemba, na Montreal, Kanada, kuna tamasha la filamu kuhusu sanaa peke yake, lipo tangu 1981, ambalo watu wetu wachache wanalikumbuka. Kwa fedha za kuanzia au kumalizia, tazama Docubox ya Nairobi, inayosaidia watengeneza makala wa Afrika Mashariki. Soma masharti kabla ya kuweka chochote YouTube, kwa kuwa matamasha kadhaa hayapokei filamu iliyokwisha kuoneshwa mtandaoni.

Msanii apate diski yake: filamu nzima, picha za mnato za kila mchoro ulioupiga pamoja na kadi ya rangi, na mahojiano yake yote bila kukatwa. Majina ya mafaili yaanze na mwaka, mwezi na siku, yafuatwe na jina la kazi na vipimo vyake kwa sentimita. Mchoro ukishauzwa na kuondoka, galari ikimwomba orodha ya kazi zake, faili hilo ndilo atakalowatumia.